Goti jipya la mama mukubwa, na karatasi ambayo hatukusoma

Mimi mnanizoea kwa mambo ya mozaiki ya muhogo na mbolea. Leo naandika juu ya goti. Sababu ni hii: mwezi uliopita mwenzetu mmoja aliuliza kwenye grupu kama baba yake, ambaye munganga amemwambia wabadilishe goti, akubali ao akatae. Majibu yalikuwa mingi. Mmoja akasema: "Hapana, watamukata mguu." Mwingine: "Akifanya, wiki mbili tu anakimbia." Hakuna aliyeeleza kitu gani kinafanyika ndani ya ile operasio na kiisha operasio. Na mimi nilinyamaza, hata kama nyumbani kwetu tulipita njia hiyo, na tulikosea mahali ambapo familia nyingi zinakosea. Basi naandika sasa, kwa urefu. Mtasoma polepole.

Mimi si munganga, nimesoma agronomia. Nitakayosema niliyajua kwa kuuliza watu wa kazi hiyo na kwa kusoma, na sehemu kubwa niliisoma wakati kosa lilikwisha kufanyika.

Mama mukubwa wangu, dada mkubwa wa mama, amelima vilima vya Walungu tangu utoto. Jembe, kuinama, kupiga magoti wakati wa kupalilia maharagi, kiisha kubeba muhogo mgongoni, kamba kwenye paji la uso, kushuka nao mpaka barabarani ambapo gari linapita. Mtu akishuka mteremko ao ngazi, goti lake linapokea nguvu ya mara tatu mpaka nne ya uzito wa mwili, na mzigo wa mgongoni unaongezwa juu. Fanyeni hesabu kwa miaka 45.

Ili kuelewa kinachoharibika, chukua mguu wa kuku. Ukifika kwenye kichwa cha mfupa unakuta kitu cheupe, kinachong'aa, kinateleza. Sisi tunaita kartilaji, Kiswahili cha vitabu kinaita gegedu. Kwa binadamu ni vilevile: mwisho wa mfupa wa paja, juu ya mfupa wa muundi, na nyuma ya kile kifuniko cha mbele ya goti, kote kumefunikwa na gegedu la milimita chache tu. Gegedu halina mishipa ya damu, halina pia mishipa ya fahamu. Linakula kupitia maji ya ndani ya goti, na maji yale yanaingia na kutoka wakati goti linafanya mwendo, sawa sponji inayobanwa na kuachiliwa. Hapo mnaona mambo mawili. La kwanza, likiisha halioti tena kama ngozi inavyofunga kidonda. La pili, linaweza kuisha miaka mingi bila mwenyewe kusikia kitu. Maumivu yanakuja wakati mfupa wenyewe unaanza kubeba na utando wa ndani ya goti unavimba. Ndiyo artroze. Kwetu watu wanasemaka "rimatisme", ao "ni baridi ya kule juu". Baridi inaweza kuongeza maumivu, lakini si baridi iliyokula gegedu.

Wenye umri wetu msicheke. Kijana aliyekatika kano la ndani ya goti kwenye mpira, akafunga bandeji na kurudi uwanjani kiisha mwezi mmoja, yuko kwenye njia ileile, na yeye anaweza kufika mbele ya wengine.

Si kila goti linalouma linaomba operasio. Mbele ya kufika kule kuna mambo ya kufanya, na mengi hayana gharama kubwa. Kutia nguvu msuli wa mbele ya paja, kwa sababu ndio unaopokea uzito mbele ya goti kuupokea. Kupunguza kilo kwa yule mwenye kilo za kupunguza: kila kilo moja inayotoka mwilini inatoa karibu kilo nne juu ya goti kwa kila hatua. Kushika fimbo, na fimbo inashikwa mkono wa upande wa mguu MZIMA, si upande unaouma. Mama mukubwa alikuwa anaishika upande mbaya tangu miaka, na hakuna aliyemwambia, hata sisi hatukujua. Vidonge vya maumivu pia vina nafasi yake. Lakini yeye alikuwa ananunua diklofenaki Kadutu kwa kipande, kila siku, na mara nyingine wanamchanganyia deksametazoni bila kumwambia jina lake. Ya kwanza, ukiizoea namna hiyo, inakula tumbo na figo. Ya pili inapandisha sukari na inapunguza nguvu ya mwili ya kupigana na mikrobi, kitu ambacho utakilipa siku ya operasio.

Operasio inafika wakati hayo yote yamefanywa na bado mtu haendi. Munganga aliyemwona mama mukubwa aliangalia radio, sawa, lakini maswali yake yalikuwa mengine: Unalala usiku? Unaweza kwenda kanisani na kurudi? Unajiogesha mwenyewe? Kuna watu wana radio mbaya sana na wanatembea vizuri, hao wanaachwa. Yeye alikuwa halali usiku, na mguu ulikwisha kupinda kwa nje sawa upinde.

Devi ilikuwa ya maelfu ya dola. Tulichanga, shamba moja la mikaratusi liliuzwa, na tukampeleka ng'ambo ya mpaka. Mara ya kwanza walimrudisha nyumbani, ju ya jino. Jino moja lililooza! Ndugu zangu walikasirika sana, mimi pia. Lakini sababu ipo. Mikrobi ya jino inaweza kuingia ndani ya damu, na mikrobi ikikuta chuma ndani ya mwili inajibandika pale na kujijengea utando, dawa haiifikii vizuri. Protezi ikiingiliwa namna hiyo, mara nyingi inabidi kufungua tena, wakati mwingine kuitoa kabisa. Kwa hospitali nzuri hiyo hatari iko kwa mtu 1 ao 2 kati ya 100, na inabaki hapo kwa sababu wanakataa meno yaliyooza, vidonda katikati ya vidole, ugonjwa wa mkojo, na sukari isiyosimamiwa. Kama baba ya mwenzetu alipigwa sindano ya kortizoni ndani ya goti hivi karibuni, aseme pia. Kwa kawaida wanangojesha miezi mitatu.

Sasa operasio yenyewe. Hawakati mguu. Hata neno "kubadilisha goti" linadanganya kidogo, mimi ningesema wanafunika upya. Mama mukubwa alipigwa sindano ya mgongo, ile wanayopigwa wamama wa sezariyeni, miguu ikalala na yeye akawa macho. Wanafungua ngozi mbele ya goti na kusogeza kile kifuniko pembeni. Wanakata mwisho wa mfupa wa paja na juu ya mfupa wa muundi, karibu sentimita moja tu kila upande, kwa kufuata vipimo vya chuma vinavyoonyesha msumeno upite wapi. Fasi ya mfupa uliotolewa kwenye paja wanavisha kofia ya kobalti na kromu. Kwenye muundi wanaweka sahani ya chuma, mara nyingi titani, na juu ya sahani kipande cha plastike ngumu sana ya polietileni. Hiyo plastike ndiyo gegedu jipya. Vyote vinashikwa na simenti maalumu inayokauka ndani ya dakika kama kumi na tano. Wanapinda goti, wananyoosha, wanaona kama pande mbili zinavutana sawasawa, wanashona. Saa moja na nusu, saa mbili, imekwisha. Mguu uliokuwa upinde unatoka umenyooka.

Angalia kile ambacho hakikubadilishwa: misuli yote, makano ya pembeni, ngozi. Misuli ile imekuwa dhaifu miaka kumi, na sasa imekatwa, imevutwa, imevimba. Chuma hakijui kutembea. Hilo jambo nililielewa nikiwa nimechelewa.

Kidogo cha historia, kwa wanaopenda. Mwaka 1890, Berlin, munganga Themistocles Gluck alijaribu goti la bawaba lililochongwa kwa pembe ya ndovu, miaka ileile ambapo pembe za Kongo zilikuwa zinavuka bahari kwenda Ulaya. Wagonjwa wake walikuwa na kifua kikuu cha mifupa, na vidonda vilioza. Ilichukua karibu miaka 80 mpaka watu wapate chuma, plastike na simenti ambavyo mwili unakubali. John Charnley huko Uingereza alionyesha njia kwa nyonga miaka ya 1960, na mwaka 1974, New York, kundi la John Insall lilianza kuweka aina ya goti ambayo nyingi za leo ni watoto wake. Basi hii si majaribio. Kwa takwimu za Australia na Finland, ambako kila operasio inaandikwa, karibu magoti 8 kati ya 10 bado yako mahali pake kiisha miaka 25.

Sasa nifike kwa kosa letu.

Siku iliyofuata operasio walimsimamisha. Ndiyo, siku iliyofuata. Alishika kile chuma cha miguu minne, akapiga hatua sita, akarudi kitandani anatoka jasho. Kila asubuhi mtu wa kine alikuja kumpinda na kumnyoosha goti, mama mukubwa analia, anaita jina la mama yake aliyekufa. Mimi nilikuwa kwenye koridori na nilimchukia yule kijana wa kine, nawaambia kweli. Kiisha siku tano wakatupa ruhusa, sindano za kuzuia damu kuganda, dawa za maumivu, tarehe ya kurudi, na karatasi mbili za Kifaransa zenye picha za mazoezi. Kijana wa kine alituambia: "Musiache hii." Tukaitikia.

Nyumbani tulimpokea kwa upendo, na upendo ndio uliharibu kazi. Kitanda kiliwekwa saloni. "Mama, lala, umeteseka vya kutosha." Chakula kinafika kitandani. Maji yanafika kitandani. Akitaka kusimama, wajukuu watatu wanamrudisha chini. Goti likiwa limepindika kidogo halimuumi sana, basi dada yangu akakunja kikwembe mara nne, akatia chini ya goti, na likabaki hapo usiku na mchana. Wageni wakija wanasema: "Kweli mnamchunga vizuri." Mama mdogo mmoja akaleta majani na maji ya moto. Na ile karatasi? Nyumba ile ilikuwa na lisansi tatu ndani: mimi agronomia, kaka yangu sheria, dada yangu maendeleo ya vijiji. Karatasi ilitiwa ndani ya farde pamoja na fakture, na hakuna aliyeisoma. Mama mukubwa hasomi Kifaransa.

Wiki ya sita tukarudi kwa kontrole. Munganga akatoa kipimo cha digri. Ili mfuate: mguu ulionyooka kabisa ni 0. Ukikaa kwenye kiti cha kawaida, goti lina karibu 90. Kutembea tu kunaomba kama 65. Kupanda na kushuka ngazi ni kati ya 85 na 100. Kusimama kutoka kiti cha chini ni 105 hivi. Goti la mama mukubwa lilipinda 50, basi. Na lilikataa kunyooka, lilibakiza 20. Maana yake alikuwa anatembea na goti lililokunjwa muda wote, na ukitaka kujua ugumu wake, simama na goti likunjwe kidogo kwa dakika tatu, uone paja lako.

Munganga akauliza kwa sauti ya chini: "Nani alikuwa anamufanyisha mazoezi?" Tukaangaliana.

Akaeleza, bila kutukana. Ndani ya goti lililopasuliwa mwili unatengeneza kovu, ni kazi yake. Kovu bichi ni laini, linakubali kuvutwa. Goti likifanya mwendo kila siku, kovu linajipanga kwa urefu unaotakiwa. Goti likilala, kovu linafunga pale ulipoliacha na kuwa gumu. Wakati wa kulivuta ni wiki sita za kwanza, labda kumi na mbili, baada ya hapo mlango unafungwa polepole. Na kile kikwembe chini ya goti kilikuwa adui mkubwa kuliko vyote, kwa sababu nyuma ya goti kunafupika na mguu unasahau kunyooka. Kunyooka, akasema, ndiko watu wanakodharau, kumbe kwa kutembea ni muhimu hata kuliko kupinda. Tena uvimbe wenyewe unazima msuli wa paja, ubongo unaukatia moto. Usipouamsha kwa mazoezi, hauamki peke yake.

Mazoezi yale mimi nilifikiri ni magumu. Ni haya. Kupinda na kunyoosha kifundo cha mguu, mara nyingi kwa saa, ili damu isilale. Kuweka kitambaa kilichokunjwa chini ya KISIGINO, goti likae hewani, na kulisukuma chini kuelekea kitanda, kuhesabu mpaka tano, kuachilia. Kuvuta kisigino kwenye kitanda kuelekea matako, mpaka inauma, halafu kidogo tena. Kukaa kwenye kiti na kurudisha mguu chini ya kiti, mguu mzima ukisaidia kusukuma. Kuinua mguu ulionyooka. Kutembea nyumbani mwendo mfupi, mara nyingi kwa siku, kuliko mwendo mrefu mara moja. Mara tatu ao nne kwa siku hayo yote, dawa ya maumivu imezwe nusu saa mpaka saa moja mbele ya kuanza, na kiisha mazoezi barafu ndani ya kitambaa, dakika kumi na tano ao ishirini. Wasio na friji wanunue kwa wale wanaouza samaki. Yote haya yalikuwa kwenye karatasi, na picha.

Watauliza: maumivu ni ya kiasi gani? Ni mengi. Wiki mbili za kwanza ni mbaya, usiku zaidi, na usingizi unavunjika hata mwezi mmoja ao miwili. Mwenye kusema uongo hapa anamdanganya mgonjwa, kisha mgonjwa akiumwa anafikiri operasio imeharibika na anaacha kupinda. Lakini kuna maumivu ya kazi, yanayopanda wakati wa zoezi na kushuka ukipumzika, na kuna maumivu ya hatari.

Ya hatari myajue kwa kichwa. Nyuma ya muundi pakivimba upande mmoja, pawe pagumu na moto, inaweza kuwa damu imeganda ndani ya mshipa. Hapo musisugue, musikande na maji ya moto, kwa sababu kipande kinaweza kutoka na kwenda kwenye mapafu. Mtu akikosa pumzi kwa ghafula ao kifua kikamchoma, musingoje asubuhi. Kidonda kikitoa maji ao usaha, homa ikirudi, wekundu ukiongezeka siku kwa siku, arudi kwa yule aliyemfanyia operasio, asinunuliwe antibiotike za njiani, kwa sababu zinaficha ugonjwa bila kuuponya. Majani ya mama mdogo kwa bahati hayakugusa kidonda. Ngozi ya pembeni ya kovu, upande wa nje, kufa ganzi ni kawaida. Goti kuwa la moto kidogo na kuvimba jioni kwa miezi ni kawaida pia.

Kwa mama mukubwa walifanya kile kinachofanyika kwa magoti yaliyokataa: wakamlaza tena kwa dawa, na munganga akapinda goti kwa mikono, pole pole, bila kukata, mpaka yale makovu yakaachia. Wanasemaka unasikia mlio wa makovu kukatika. Tulilipa tena. Na safari hii, kuanzia siku ileile, zamu iliandikwa: mimi asubuhi, dada yangu saa sita, mjukuu wa miaka 14 jioni. Yule mjukuu ndiye alikuwa munganga wa kweli, alikuwa hana huruma hata kidogo. Alikuwa anachora alama ya makaa kwenye sakafu mahali kisigino kimefika, na kesho yake lazima kivuke alama. Kiisha miezi mitatu goti lilifika 95, na karibu linanyooka lote. Wengi waliofanya tangu mwanzo wanafika 110, 120. Tofauti hiyo ya digri ishirini ni sisi.

Sasa jambo ambalo karatasi haikusema, ju iliandikwa kwa nyumba nyingine: choo. Kuchuchumaa kwenye choo cha shimo kunaomba digri 130 na zaidi. Goti jipya, hata lililofanikiwa, mara nyingi halifiki pale. Wiki ya kwanza tulikuwa tunamshika wawili, aibu kwake na hatari kwa wote. Seremala akatengeneza kiti cha mbao chenye tundu, kinawekwa juu ya shimo, kimetumia mbao kidogo na misumari. Kitengenezeni MBELE ya operasio. Vilevile kile kiti kidogo cha jikoni cha kukalia karibu na mbabula kiondolewe, apewe kiti kirefu chenye mikono. Mikeka ya sakafuni inayoteleza itolewe. Kama nyumba iko kwenye mteremko kama nyingi za Bukavu, atafute mahali pa kulala chini, karibu na njia, kwa mwezi wa kwanza. Na moto, hapana, mpaka munganga akubali.

Je, atarudi shambani? Kutembea, soko, kanisa, kulima kidogo akiwa amesimama, ndiyo, kwa wengi, na mwili unaendelea kuongeza nguvu mpaka mwaka mzima. Kubeba muhogo wa kilo hamsini kwenye mteremko, hapana, plastike inaliwa. Kupiga magoti kunakubaliwa na waganga wengi baada ya kidonda kupona vizuri, goti haliharibiki, lakini watu wengi wanalisikia vibaya, kama kupiga goti juu ya jiwe. Mama mukubwa anasali akiwa amekaa na padri hajalalamika. Na mjue pia kwamba katika nchi tajiri, ambako kine iko kila mahali, karibu mtu 1 kati ya 5 anasema hakuridhika kabisa na goti lake. Maumivu ya usiku yanaondoka kwa wengi. Goti la miaka ishirini halirudi kwa mtu yeyote.

Kwa mwenzetu wa grupu, jibu langu ni swali. Nani, kwa jina, atamfanyisha baba mazoezi mara tatu kwa siku kwa wiki kumi na mbili, hata akilia, hata akitukana? Kama mna jina, na zamu yake iko, na jino limetazamwa, na kiti cha choo kimetengenezwa, mimi ningesema akubali. Kama mna pesa tu na hamna jina, ngojeni likizo, ngojeni mtu amalize memwari yake arudi nyumbani. Artroze inangoja miezi michache bila shida. Kovu haliwezi kungoja.

Goti la kushoto la mama mukubwa nalo limeanza. Juma lililopita tulikaa familia kuzungumza juu ya devi, nani atatoa kiasi gani. Yeye alituacha tuongee pesa mpaka tukamaliza, kisha akauliza kama yule mjukuu atakuwa amemaliza egzetati yake.